Njiwa aliyelala kama mfu kando ya gae la maji

Mwalimu mmoja mstaafu wa Isevya, Tabora, ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha, ila maneno ni yake:

"Chenga za mchele na mtama nilianza kuwamwagia ndege tangu masika. Mwezi wa sita, kiangazi kilipokaza, nikaongeza maji kwenye gae la mtungi uliovunjika, nikaliweka chini ya mwembe. Wanakuja wengi kuliko nilivyotegemea, lakini mambo yao siyaelewi. Njiwa analala ubavu juani, bawa moja kalinyanyua, macho kayafumba nusu. Mjukuu wangu alikuja mbio kuniambia amekufa. Shomoro nimewawekea maji safi, wao wanaoga vumbi. Jioni maji yana utando mweupe kama mtu kanyunyiza unga, na siku nyingine nakuta ukoko wa ugali umelowa humo, wala sikuutia mimi. Chozi anapigana na kioo cha dirisha la chumbani kutwa. Jirani anasema kuna jambo linakuja nyumbani. Na yule mdogo mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, aliyekuwa anawafukuza wenzake wote wakati wa mvua, simwoni tena. Kafa? Nieleze, maana siku hizi nashinda kibarazani nikiwatazama."

Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika kama mtu aliyezoea kushika rejista ya darasa: nani kaja, nani hajaja, nani kamsumbua nani. Ndege hujulikana hivyo hivyo. Kazi yangu ni ndege, na nimeitembea sana miombo ya kuelekea Sikonge na Urambo nikiwatafuta, lakini mengi niliyoyaona kwa karibu niliyaona kwenye beseni la maji nyuma ya nyumba ya mama yangu. Kwa hiyo usidhani unapoteza muda hapo kibarazani.

Nianze na njiwa, maana ndiye aliyemtia mtoto hofu. Hajafa wala haumwi. Anaota jua, na anaota kwa sababu maalumu. Ukiyafuatilia uliyoyauliza, karibu nusu yake yanaishia mahali pamoja, nayo ni manyoya.

Unyoya ukishakomaa haukui tena wala haujitibu. Ni kitu kilichokufa, kama ukucha. Ukichakaa, ndege hana la kufanya ila kungoja ung'oke na mwingine uote, na kwa ndege wengi jambo hilo hutokea mara moja kwa mwaka. Hata ndege mdogo kabisa wa hapo uani ana manyoya zaidi ya elfu moja, na hayo hayo ndiyo yatakayompeleka mpaka mwakani, huku vumbi la kiangazi linayaingia, jua linayakausha na chawa wanayatafuna. Okota unyoya mmoja chini ya mwembe, uvute pembeni taratibu mpaka upasuke, kisha uupitishe katikati ya vidole kuelekea nchani. Utajifunga tena kama zipu. Ndani yake mna vijindoano vidogo mno vinavyoshikana, na kutwa ndege yuko kwenye kazi ya kuvirudisha mahali pake kwa mdomo, unyoya mmoja baada ya mwingine. Mpe mjukuu ajaribu mwenyewe.

Sasa rudi kwa njiwa. Chawa wa manyoya wanapenda kivuli cha chini ya bawa. Bawa likinyanyuliwa juani, joto linawasumbua. Wengine wanakufa, wengine wanaanza kuhama na hapo ndipo ndege anapowapata. Mtazame njiwa wako akiinuka: mara nyingi ataanza kujidonoa palepale alipokuwa amelala. Kama mdomo wake ulikuwa wazi na kifua kinapanda na kushuka haraka, usiogope, ni joto tu, anahema. Atakaa hivyo dakika chache, kisha atahamia kivulini. Njiwa mgonjwa utamjua kwa mengine: amejivimbisha manyoya kama mpira, amekaa kivulini kwenye baridi, na ukimsogelea haruki. Nitamrudia huyo baadaye, kwa sababu anahusu gae lako moja kwa moja.

Kama una mpapai au jirani yako anao, chungulia mapema asubuhi uone kama kuna kuzumburu, wale wa kahawia wenye kishungi na mkia mrefu, ambao manyoya yao ni laini kama ya panya. Wao hujining'iniza kwenye tawi, miguu iko usawa wa mabega, tumbo lote limeelekezwa kwenye jua. Hao wanaota jua kwa sababu nyingine. Chakula chao ni matunda na majani, na majani yanahitaji joto tumboni ili yasagike. Halafu usiku kuzumburu huuacha mwili wake upoe kuliko ndege wengi wanavyothubutu, wanalala wamekumbatiana kundi zima, na asubuhi wanatafuta jua liwaamshe. Jamii yao yote leo inaishi Afrika tu. Watu wengi wa Tabora wanamfahamu kama mwizi wa mapapai basi, na mimi nasikitika kila ninaposikia hivyo, kwa sababu ni ndege asiye na ndugu popote pengine duniani.

Shomoro na vumbi ni habari ile ile ya manyoya. Kuku wako pia wanafanya hivyo, na hujawahi kushangaa. Vumbi laini linapoingia katikati ya manyoya linanyonya mafuta yaliyozidi na kuwakera chawa. Ndege akijikung'uta, vyote vinatoka pamoja. Shomoro atachimba kishimo kwa miguu na kifua, na kishimo hicho kitakuwa mali yake: mwingine akikaribia, wanakwaruzana. Nina ombi moja hapo. Watu wengi hunyunyizia uwanja maji asubuhi ili kutuliza vumbi kabla ya kufagia. Acha kijisehemu kimoja kikavu, penye jua, hata kama ni ukubwa wa ungo tu.

Kwa nini basi waoge na maji pia? Ukiwa unatayarisha kuku, pale juu ya mkia kuna kijitezi cha mafuta ambacho wapishi wengi hukikata na kukitupa kwa sababu ya harufu. Ndege wengi wanacho. Baada ya kuoga, ndege anakigusa kwa mdomo, anachukua mafuta, kisha anayapaka mwili mzima. Maji yanatangulia kuondoa uchafu na kuyalainisha manyoya ili mafuta yaenee vizuri. Uingereza, watafiti waliwapima kwenzi wa huko kwa kuwarusha katikati ya nyuzi zilizotundikwa. Walionyimwa maji ya kuoga waligonga nyuzi mara nyingi zaidi ya walioogeshwa. Kwa hiyo gae lako halikati kiu tu. Ndege anayetoka hapo amejipanga vizuri ni ndege mwenye nafasi kubwa zaidi ya kumkwepa kipanga.

Na utando mweupe? Huo ni wa njiwa. Njiwa ana manyoya ya aina ya pekee yanayosagika yenyewe kuwa unga laini sana, na unga huo ndio anaoutegemea zaidi kuliko mafuta. Akiingia majini, unabaki juu. Sio uchafu wa kutisha, ila ni kipimo kizuri: utando ukiwa mzito, njiwa wengi wameoga siku hiyo. Unga huo huo ndio unaoacha picha ya ajabu kwenye kioo njiwa anapokigonga: mabawa, kichwa, hata mstari wa unyoya mmoja mmoja, kama mtu kachora kwa chaki. Mtazame tena njiwa anavyokunywa. Shomoro, chiriku na shore wanachota tone, wanainua kichwa, linateremka. Njiwa anazamisha mdomo na kufyonza moja kwa moja, kama mtu anayekunywa kwa mrija, anamaliza na kuondoka. Mahali pa maji ni mahali pa hatari, na kumaliza haraka kunamsaidia. Mvua za kwanza zikianza kunyesha utamwona akifanya lile lile la juani, ubavu na bawa juu, lakini safari hii kwenye manyunyu.

Chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, hutamwona kwenye gae mara nyingi. Anapenda kuoga kwenye majani yaliyolowa. Anajisugua juu ya jani la mgomba au la maua uliyotoka kumwagilia, anateleza, anarudi. Mwagilia saa kumi jioni, kisha ukae kimya.

Ukoko ni wa kunguru, yule mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe. Anaokota chakula kikavu jalalani au jikoni kwa mtu, anakileta kwenye maji, anakilowesha mpaka kilainike. Wakati mwingine anakisahau, wakati mwingine anafukuzwa kabla hajamaliza. Kunguru wa aina nyingi duniani wanafanya hivyo, kwa mkate, kwa nyama iliyokauka, hata kwa mifupa. Utoe ukoko mapema, maana unavundisha maji, lakini usimchukie kunguru. Mtu anayechovya mkate mkavu kwenye chai hana haki ya kumlaumu.

Umeandika pia, na hapo juu nilipafupisha, kwamba shomoro wanamwaga mtama chini na kuuacha. Kabla hujawaita waharibifu, chukua mabaki hayo kwenye ungo uyapepete. Sehemu kubwa itaruka. Ndege wenye mdomo mfupi mnene, kina tongo, chiriku na shomoro, wanabangua kila punje na kuacha ganda. Njiwa anaimeza nzima na ganda lake. Kwa hiyo rundo la maganda ni sahani iliyokwisha kuliwa.

Sasa kioo. Jirani yako namheshimu, na najua kwetu ndege akigonga dirisha hakuna anayekaa kimya. Lakini chozi hajaleta ujumbe. Yeye anaona dume mwingine. Kama ni mweusi mwenye kifua chekundu kinachong'aa, huyo ni dume, na nina hakika karibu na dirisha hilo kuna maua anayoyanyonya, au kiota cha jike wake kinaning'inia kwenye waya wa kibaraza, kimeshonwa kwa utando wa buibui na kuchafuliwa makusudi na vijitaka mpaka kinafanana na takataka iliyonasa. Dume huyo ana eneo lake. Kila akitua hapo anakuta dume wa ukubwa ule ule, mwenye kifua chekundu vile vile, asiyekimbia akitishwa, na kila anapopigwa anapiga pia. Kwa ndege hakuna adui mbaya kama huyo. Anaweza kurudi wiki kadhaa, kisha siku moja akaacha kabisa: makinda yameruka, au maua yamekwisha.

Ndege wachache sana wamewahi kuonyesha dalili ya kujitambua kwenye kioo. Mwaka 2008 watafiti nchini Ujerumani walichapisha habari za aina moja ya ndege wa Ulaya wa jamii ya kunguru. Waliwabandika alama ya rangi chini ya koo, mahali wasipoweza kupaona wenyewe bila kioo, na baadhi ya ndege hao walipojitazama wakaanza kuikwangua alama kwenye miili yao. Chozi hayumo katika orodha hiyo. Anachokijua ni kwamba nyumbani kwake kuna mgeni.

Msaidie, kwa sababu anajichosha na anapoteza muda wa kula. Pazia la ndani halisaidii. Likiwa zito, chumba kinakuwa giza na kioo kinazidi kuwa kioo. Ziba kwa nje. Tundika khanga kuukuu, au sugua sabuni ya mche kwenye kioo na uiache ikauke mpaka kisionyeshe sura. Fanya hivyo siku kumi hivi. Wenye magari wanaolalamikia vioo vya pembeni wavivike mfuko. Kugonga kwa namna hii ni tofauti na ndege anayekuja kwa kasi mara moja na kuanguka. Huyo hakuona kioo kabisa, aliona anga na mti uliomo ndani yake. Kwa ajili yake, gae na chakula viwe ama karibu sana na dirisha, chini ya mita moja, ili asiwe amepata kasi, ama mbali, mita kumi na zaidi.

Nimemweka mwisho yule wa mkia mrefu kwa sababu ndiye ninayempenda kuliko wote. Anaitwa fumbwe, na hajafa. Inawezekana kabisa ulimwona leo asubuhi akila chenga zako usimtambue.

Wakati wa masika dume la fumbwe linavaa: mweusi juu, mweupe chini, mdomo mwekundu, na manyoya manne ya mkia marefu kuliko mwili wake wote. Katika hali hiyo hakai na mtu. Ulivyoeleza ndivyo ilivyo. Nimemwona akimfukuza njiwa aliyemzidi uzito mara nyingi. Hagombei mtama peke yake. Mahali palipo na chakula majike yatakuja, na yeye anataka majike yakija yamkute yeye tu, anapepea mbele yao akiwa wima angani huku mkia unapanda na kushuka. Kiangazi kikiingia, mavazi yanavuliwa. Mkia unang'oka, weusi unatoka, anabaki wa kahawia mwenye michirizi kama shomoro jike, na ugomvi wote unakwisha. Anaingia kundini na kula kwa amani na wale wale aliokuwa akiwapiga. Tafuta kidege chenye michirizi mikali kichwani, na angalia kama mdomo una wekundu.

Na kuna jambo lake jingine ambalo halionekani kwenye gae. Fumbwe hajengi kiota. Jike lake linataga kwenye viota vya ndege wadogo wa jamii ya mshigi, na hao ndio wanaolea. Kinda la fumbwe haliwaui wenzake wa kiotani. Linalelewa pamoja nao, na limezaliwa na alama mdomoni, madoa na rangi, zinazofanana sana na za makinda ya wenyeji wake, kiasi kwamba mama anayelisha anajaza midomo yote bila kubagua. Kwa hiyo ukiona videge vidogo vyenye mdomo mwekundu vinafukuzwa na fumbwe pale kwenye mtama, jua kwamba ndio waliomlea, au waliolea ndugu zake.

Mtu mwingine wa kumfuatilia hapo uani, ingawa hukumuuliza, ni shore, wa kahawia mwenye kichwa cheusi na njano chini ya mkia. Siku utakaposikia anapiga kelele kali mfululizo huku wengine wamenyamaza na kuganda matawini, usitazame gae, tazama juu kwa ajili ya kipanga au ndani ya mwembe kwa ajili ya nyoka au bundi. Shore huwa wa kwanza kusema, na wengine wote wanamsikiliza, hata wasio wa jamii yake.

Sasa lile la njiwa mgonjwa. Ukianza kukusanya ndege mahali pamoja unakusanya na magonjwa yao. Uingereza kuanzia mwaka 2005, kimelea kinachokaa kooni mwa njiwa kilihamia kwa ndege wadogo wa jamii ya chiriku kwenye sehemu za kulishia na za maji, na aina moja iliyokuwa ya kawaida kabisa mabustanini ilipungua vibaya. Ndege anavimba koo, hawezi kumeza, anakufa akiwa amezungukwa na chakula. Kimelea hicho hakivumilii ukavu, na hapo ndipo tunapokishinda. Mwaga maji yote kila jioni, sugua gae kwa brashi, lilale kavu limepinduliwa, asubuhi weka mapya. Mbu nao hawatapata nafasi. Ukiona ndege aliyejivimbisha anayeshindwa kumeza, ondoa maji na chakula wiki mbili ili watawanyike. Maji ya kuku yakae mbali kabisa na ya ndege wa porini, usije ukaleta mdondo bandani.

Kina kisizidi vidole vitatu, na gae la udongo ni bora kuliko beseni la plastiki kwa sababu miguu haitelezi. Weka jiwe moja katikati. Liwe mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka, ili paka asipate pa kujibanza. Karanga au mahindi yaliyoota ukungu usiwape, hata kama unaona huruma kuyatupa. Sumukuvu inayotudhuru sisi inawadhuru na wao. Na kwa kuwa Tabora ni nchi ya asali, mwezi wa tisa na wa kumi nyuki watakuja kuchota maji ya kupoozea mizinga, wengi mpaka ndege waogope kutua. Usiwamwagie dawa. Wawekee kisahani chao pembeni, chenye kokoto na vijiti vya kutulia, na kisikauke hata siku moja. Wakishakizoea wataliacha gae.

Ninaomba kitu kimoja, Mwalimu. Mpe mjukuu daftari. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, amtazame kila asubuhi yule wa kahawia mwenye michirizi, na siku atakayouona unyoya mweusi wa kwanza mgongoni mwake aandike tarehe, kisha tarehe mkia utakapotimia, kisha tarehe atakapomfukuza njiwa wa kwanza. Nitumie kurasa hizo. Nitazihitaji.